Mwanzo wa Bamba Pana na Makaveli katika Muziki wa Singeli

Mwitongo, katika Butiama, mkoani Mara, ni mahali penye mawe makubwa na makaburi mashuhuri. Hapo palikuwa makazi ya ukoo wa Mtemi Nyerere Burito wa Wazanaki. Katika Butiama hiyo alizaliwa mwanawe, Kambarage, mwaka wa 1922. Na hapo Mwitongo mwana huyo, Mwalimu Julius Kambarage Nyerere, alizikwa mwezi wa Oktoba 1999. Wageni waendao kuzuru kaburi lake huwaza habari za uhuru, za umoja na za Azimio la Arusha. Ni wachache wawazao habari za ngoma. Hata hivyo ngoma ilikuwa miongoni mwa mambo ya kwanza aliyoyasemea alipokuwa Rais, na swali aliloliuliza siku ile halijazeeka. Historia ya vijana wawili wa Dar es Salaam, Bamba Pana na Makaveli, haiwezi kupimwa sawasawa bila ya kuanza na swali hilo.

Tarehe 10 Desemba 1962, siku moja baada ya Tanganyika kuwa Jamhuri, Mwalimu alilihutubia Bunge. Alieleza kwamba dhambi moja kubwa ya ukoloni ilikuwa kuwafanya Waafrika waamini kwamba hawana utamaduni wao wenyewe, au kwamba ule walio nao ni wa kuonewa haya. Akatazama jinsi wasomi wa nchi walivyozijua dansi za Ulaya na Amerika, kisha akauliza ni wangapi wawezao kucheza, au hata waliopata kusikia, gombe sugu, mangala, nyang'umumi, kiduo au lelemama. Katika hotuba hiyo alitangaza kuundwa kwa Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana. Lakini hakuishia hapo. Aliongeza kwamba taifa likataalo kujifunza kutoka kwa wengine linajidhulumu. Ila mwanafunzi asiache cha kwao kwa sababu amejifunza cha watu. Hotuba hiyo basi ilikuwa na pande mbili: kushika cha nyumbani, na kupokea cha ugenini pasipo kupotea. Upande wa kwanza umekumbukwa sana. Upande wa pili umesahauliwa mara nyingi, hata na watumishi waliopewa kazi ya kuutekeleza.

Serikali ilitenda kwa kadiri ya uwezo wake. Bendi zilipata wafadhili katika vyama na mashirika ya umma: NUTA Jazz iliundwa mwaka wa 1964 chini ya chama cha wafanyakazi, na Mlimani Park, iliyoanzishwa mwaka wa 1978, baadaye ilichukuliwa na Shirika la Maendeleo la Dar es Salaam, ikaitwa DDC Mlimani Park. Mikoa nayo haikubaki nyuma. Mji wa Musoma ulikuwa na Mara Jazz. Mwaka wa 1965 utangazaji uliwekwa mikononi mwa Serikali, na Radio Tanzania Dar es Salaam ikawa mlango ambao kila wimbo ulipaswa kuupitia ili ufike kwa wananchi. Mlango ukiwa mmoja, bawabu huwa na nguvu. Mwaka wa 1969 muziki wa soul kutoka Marekani ulipigwa marufuku katika Dar es Salaam, katika zama zile zile za Operesheni Vijana iliyopinga sketi fupi na nywele za bandia. Jambo la kustaajabisha ni kwamba gitaa, saksofoni na tarumbeta, ambazo asili yake si ya hapa, hazikushitakiwa kwa ugeni. Zilikwisha kuzoeleka, nazo zilisindikiza maneno ya Kiswahili. Hiyo ilitosha kuzifanya za taifa.

Mashine ya kompyuta haikubahatika hivyo. Kompyuta ya kwanza ya Tanzania ilifungwa katika Wizara ya Fedha mwaka wa 1965, itumike katika hesabu za Serikali. Kazi hiyo ilileta hasara na vurugu ya mahesabu, na mwaka wa 1974 Serikali ikapiga marufuku uingizaji wa kompyuta na vifaa vyake, isipokuwa kwa kibali maalumu. Sababu zake zilikuwa za fedha na uchumi. Haikufikiriwa hata kidogo kwamba chombo kile kingeweza kuwa ala ya muziki. Lakini amri huwa na matokeo yanayozidi makusudi yake. Kwa muda wa miaka mingi sauti za kielektroniki, zilizokuwa zikibadili muziki wa dunia, zilifika Tanzania kwa matone tu, ndani ya kanda na katika mizigo ya wasafiri.

Mwaka huo huo wa 1974, katika Ujerumani Magharibi, watu wawili walikuwa wakifanya jambo linalofaa kulinganishwa na habari hii. Ralf Hütter na Florian Schneider walikutana wakiwa wanafunzi wa muziki, na mwaka wa 1970 wakaanzisha Kraftwerk katika mji wa Düsseldorf. Wapiga ngoma na magitaa waliingia na kutoka. Santuri yao ya pili, ya mwaka wa 1972, waliipiga wawili peke yao, na kazi ya mpiga ngoma waliikabidhi mashine. Walikuwa na chumba chao cha kazi, wakijitengenezea na kujirekebishia vyombo, mbali na makampuni makubwa. Kisha ikatoka "Autobahn" mwishoni mwa 1974, wimbo wa barabara kuu wenye kujaza upande mzima wa santuri. Mwaka uliofuata kipande chake kilichofupishwa kiliingia katika orodha za nyimbo zilizopendwa huko Marekani, ingawa maneno yake yalikuwa ya Kijerumani. Mambo manne yaonekana hapa: watu wawili, chumba kimoja, mashine mahali pa bendi, na wasikilizaji wa ng'ambo wanaocheza bila ya kuelewa maneno. Yote manne yalitokea tena Dar es Salaam baada ya miaka arobaini na ushei, ijapokuwa katika hali ya maisha iliyokuwa mbali kabisa na ile ya Düsseldorf.

Mwalimu aliacha urais mwaka wa 1985. Katika miaka iliyofuata, masharti ya biashara yalilegezwa, bidhaa za nje zikajaa madukani, na marufuku ya kompyuta ikapoteza makali. Mwaka wa 1994 redio za watu binafsi na televisheni zilianza Tanzania Bara. Mlango mmoja ukawa milango mingi. Lakini kabla ya kompyuta kuingia nyumba za maskini, kinanda kidogo cha Casio kilikwisha kutangulia. Vijana wa pembezoni mwa Dar es Salaam, wengi wao wakifuata ngoma za Kizaramo, walikiunganisha na vipaza sauti vibovu na ngoma zao, wakapata muziki uitwao mchiriku, au mnanda. Kikundi cha Jagwa Music, kilichoanzishwa mwaka wa 1992, ndicho kilichosikika mbali kuliko vingine. Mlio wake ulikuwa wa kukwaruza, na wenyewe waliupenda hivyo hivyo. Mchiriku ulifunza somo ambalo singeli ililirithi: kwamba chombo cha bei ndogo, kikitiwa mkono wa fundi, chaweza kusema lugha ambayo aliyekiunda hakuiota.

Singeli yenyewe ilichipuka katika mitaa ya watu wa kipato kidogo, kama Manzese, Tandale na Mburahati, tangu katikati ya miaka ya 2000. Shamba lake lilikuwa kigodoro: sherehe ya usiku kucha, aghalabu ya harusi au ya kumtoa mwali, ambapo turubai hufungwa uchochoroni, masipika hukodishwa, na watu hucheza hadi alfajiri. Katika sherehe hizo zilipigwa taarabu za kisasa, na kila taarabu ilipofikia mwisho wa maneno yake, vyombo vikabaki peke yake vikichemka, wachezaji walitaka sehemu ile isikome. Mpigaji basi aliikata, akairudia, akaikimbiza. Juu ya mapigo hayo kijana mmoja alishika maikrofoni akachana maneno: kumsifu bibi harusi, kutaja mtaa, kutupa vijembe, kueleza dhiki ya kodi na ya mapenzi. Miongoni mwa sauti zilizotangulia kujulikana ilikuwa ya Msaga Sumu, ambaye wapenzi wake walimwita mfalme wa singeli.

Yafaa kueleza namna muziki huo unavyofanya kazi, maana wengi wameuhukumu kabla ya kuusikiliza. Muziki wa dansi wa Ulaya uliozoeleka huwa na mapigo kama 120 au 130 kwa dakika. Singeli huenda 200, mara nyingi zaidi, hata kukaribia 300. Kipande cha sauti kikikimbizwa hivyo bila ya kusawazishwa, mlio wake hupanda juu na kuwa mwembamba. Kinanda hugeuka filimbi, na sauti ya mwanamke hugeuka ya mtoto. Kasi hiyo haimaanishi kwamba miguu inafuata kila pigo. Mchezaji hodari huhesabu nusu yake, au robo yake, akaacha mabega na kiuno vijibu yaliyosalia. Aliyewahi kutazama mdundiko ukipita mtaani atautambua mtindo huo: ngoma ndogo zinakimbia, ngoma kubwa inatembea, na mwili unachagua ya kuifuata. Kwa maana hiyo kompyuta ya singeli ilipewa kazi iliyokuwa ikifanywa zamani na mikono ya watu watatu au wanne.

Chombo chenyewe kilikuwa cha kawaida: kompyuta ya mitumba, programu ya FruityLoops iliyotungwa Ubelgiji mwishoni mwa miaka ya 1990, na ile ya Virtual DJ iliyokusudiwa wapiga santuri wa kumbi za starehe. Programu hizo zilipita mkono kwa mkono. Mafundi wa mitaani walizitumia kwa namna yao: ile ya kuunganisha nyimbo mbili waliigeuza ala ya kupigwa papo kwa papo, wakikata na kuongeza kasi huku mchanaji akiwa pembeni. Studio na jukwaa vikawa kitu kimoja. Biti iliyoundwa mchana ilijaribiwa usiku mbele ya watu, na hukumu yake ilitolewa na miguu.

Katika Mburahati studio iliyopata sifa kubwa ilikuwa ya mtayarishaji ajulikanaye kwa jina la Sisso. Ilikuwa karakana na chuo kwa pamoja. Mafundi wadogo walijifunza kwa kutazama, na wachanaji walipanga zamu ya kuingia. Humo ndimo walimofanya kazi watu wawili ambao habari hii inawahusu. Bamba Pana alikuwa mtayarishaji, yaani mtengenezaji wa biti. Makaveli alikuwa mchanaji. Jina la Makaveli lenyewe ni la kuazima: Tupac Shakur wa Marekani alilitumia katika mwaka wa mwisho wa uhai wake, naye aliliazima kwa Machiavelli wa Italia. Jina limesafiri kutoka Florence hadi California, na kutoka huko hadi uchochoro wa Dar es Salaam, ambako limevaa Kiswahili na kukaa kama mwenyeji.

Kugawana kazi kwa wawili hao si jambo geni katika nchi hizi. Watu wa kanda ya Ziwa humjua manju, mtunzi na kiongozi wa ngoma, ambaye neno lake halisimami bila ya wapigaji wanaomwelewa pumzi. Mkurya apigaye litungu la nyuzi 8 huwa mpigaji na mghani kwa wakati mmoja, naye hujibizana na nyuzi zake kama na mtu. Bamba Pana na Makaveli walifanya kazi ya namna hiyo kwa vyombo vingine. Biti za Bamba Pana zilijengwa kwa vipande vifupi vinavyorudiwa bila huruma, kengele juu ya kengele na ngoma juu ya ngoma, na mabadiliko yake yalikuwa madogo lakini ya ghafula. Mchanaji aliyeingia katika biti kama hiyo hakuwa na nafasi ya kutafuta neno. Ilimbidi awe na akiba ya vina, pumzi ndefu, na akili ya kuona ni nani aliye mbele yake usiku ule ili amtaje kabla ya mwingine kuchukua maikrofoni. Makaveli alikuwa na sifa hizo. Mtengenezaji na mchanaji walipozoeana, kila mmoja alijua mwenzake atapumua wapi.

Nyumbani, hata hivyo, mizani ya sifa ilielemea upande mmoja. Katika kigodoro watu humwona mchanaji. Humtuza, humwita kwa jina, hurudia vijembe vyake kesho yake kisimani na sokoni. Aliyeinama juu ya kompyuta huonekana kama mtumishi wa umeme. Hayo hayakuwa ya Mburahati peke yake: nyimbo zilizoifikisha singeli katika redio, kama "Hainaga Ushemeji" ya Man Fongo mwaka wa 2016, zilijulikana kwa majina ya waimbaji, na ni wachache walioulizia mtengenezaji.

Mabadiliko yalitoka upande wa pili wa Ziwa Victoria, ziwa lile lile linalopiga kingo za Musoma. Mwaka wa 2015 tamasha la muziki lilianza Jinja, nchini Uganda, mahali ambapo mto Nile hutoka ziwani. Waanzilishi wake, Arlen Dilsizian na Derek Debru, waliliita Nyege Nyege, maneno ambayo kwa Kiganda ni hamu ya kucheza isiyozuilika, ijapokuwa kwa Kiswahili yana maana ya kutahayarisha. Mwaka wa 2016 wakaanzisha Kampala kampuni ya kutoa kanda na santuri, Nyege Nyege Tapes, wakitafuta muziki wa Afrika ya Mashariki ambao haukuwa katika redio wala katika maduka. Mwaka wa 2017 kampuni hiyo ilitoa mkusanyo wa "Sounds of Sisso", wenye kazi za studio ya Mburahati, Bamba Pana na Makaveli wakiwamo. Mwaka wa 2018 ikafuata "Poaa", santuri ya Bamba Pana. Katika mwaka huo wawili hao walipanda pamoja majukwaa ya Ulaya, na biti zilizokuwa zikipimwa kwa vumbi la uchochoroni zikapimwa katika kumbi za zege.

Jambo la kuangaliwa katika "Poaa" ni jalada lake. Jina lililoandikwa kuwa la mwenye kazi ni la Bamba Pana. Makaveli amo katika baadhi ya vipande, akitajwa kama msaidizi. Mizani iliyoelemea huku ikaelemea kule. Msikilizaji wa Ulaya hakujua Kiswahili, kwa hiyo alichokisikia ni kasi, ujenzi wa biti na ukali wa mlio. Aliisifu mashine, akaliona neno kama chombo kimoja miongoni mwa vyombo. Alichokisikia kilikuwa cha kweli, lakini kilikuwa nusu. Mtu wa Mburahati alisikia nusu nyingine: mzaha, kijembe, jina la jirani, malalamiko ya mtu asiye na kazi. Muziki ule ule, watu wale wale wawili, lakini nyumbani alisikika Makaveli na ugenini akasikika Bamba Pana.

Huu ndio ugumu wa kuiandika historia ya muziki uliokua pembezoni. Hati zake nyingi ziko ng'ambo. Santuri zina tarehe, kigodoro hakina. Mkusanyo wa 2017 una jalada, orodha ya nyimbo na maelezo ya Kiingereza. Usiku wa harusi ulioizaa biti haukuacha ila turubai lililokunjwa. Mwanahistoria mvivu atashika kilicho na tarehe, naye ataandika kwamba singeli ilianza ilipogunduliwa. Ataweka mwanzo mahali penye katikati, kama wale walioandika kwamba Ziwa lilianza siku mzungu alipoliona. Ilhali kufikia 2017 muziki huo ulikuwa umekwisha kupita miaka kumi au zaidi mikononi mwa watu walioutuza, walioukosoa na walioulipia kwa shilingi zao. Waswahili husema, mcheza kwao hutunzwa. Bamba Pana na Makaveli walitunzwa kwao kwanza. Heshima ya ugenini ilikuwa nyongeza juu ya tuzo hiyo.

Haifai, kwa upande mwingine, kuikana nyongeza hiyo. Bila ya milango iliyofunguliwa Kampala, kazi ya mtengenezaji ingeendelea kuhesabiwa kuwa utumishi. Baada ya "Poaa" watengenezaji wengine walitoa santuri kwa majina yao: Jay Mitta "Tatizo Pesa" na Sisso "Mateso", zote za mwaka wa 2019; na mwaka wa 2024 Sisso alitoa "Singeli ya Maajabu" pamoja na mwenziwe Maiko, watu wawili tena. Fundi wa biti alipata cheo cha mtunzi. Hilo ni jambo kubwa katika nchi ambayo kwa miaka mingi iliamini kwamba wimbo ni maneno, na kwamba ala ni nguo tu za kuyavisha.

Lawama juu ya singeli hazikukosekana, nazo zastahili kujibiwa kwa haki. Ya kwanza ni ya adabu. Vigodoro vilinyima watu usingizi, na katika baadhi yake uchezaji na maneno vilivuka mipaka mbele ya watoto. Viongozi wa Dar es Salaam wakavipiga marufuku zaidi ya mara moja. Aliyelala pembeni ya masipika hana haja ya kuambiwa kwamba anasikia sanaa. Lakini kosa la sherehe lisihamishiwe kwenye muziki wote, kama vile ulevi wa arusi usivyoibatilisha ndoa. Uganda ilipitia mvutano wa namna hiyo: mwezi wa Septemba 2018 waziri wa maadili, Simon Lokodo, alitangaza kulizuia tamasha la Jinja, kisha zuio likaondolewa na tamasha likafanyika.

Lawama ya pili ni ya wazee wa muziki wa dansi: kwamba hiyo ni kelele, na kwamba ngoma ivumayo sana haikawii kupasuka. Methali hiyo ni ya kweli kwa ngoma ya ngozi. Ngozi ina kikomo. Hupigwa, hulegea, huwambwa tena motoni. Ngoma ya mashine haipasuki. Kinachoweza kupasuka ni pumzi ya mchanaji na mguu wa mchezaji, na hapo ndipo singeli inapoonyesha kwamba bado ni kazi ya binadamu. Kasi imewekwa juu ili ionekane nani ataiweza, kama wazee walivyoshindanisha wachezaji hadi mmoja abaki uwanjani.

Lawama ya tatu ndiyo nzito, nayo hurudisha hoja mahali ilipoanzia: kwamba muziki wa kompyuta si wa Kitanzania. Wasemao hivyo hudhani wanaitetea hotuba ya 1962. Wameshika upande wake mmoja. Mwalimu mwenyewe alimchukua Shakespeare akamtia katika Kiswahili, tamthilia ya Julius Caesar mwaka wa 1963 na "Mabepari wa Venisi" mwaka wa 1969, wala hakuna aliyedai kwamba kwa hayo aliacha kuwa Mzanaki au Mtanzania. Alichukua chombo cha wageni ili aonyeshe kwamba lugha ya kwao yaweza kukibeba. Bamba Pana alichukua programu ya Ulaya akaikimbiza mpaka ikaacha kutambulika kwa walioitunga. Makaveli aliazima jina la Amerika akalipa maneno ya Mburahati. Hapana wizara iliyowatuma, hapana shirika la umma lililowafadhili, wala redio ya taifa haikuwafungulia mlango. Mashine waliyoitumia ni ya aina ile ile ambayo nchi yao iliwahi kuizuia bandarini.

Kwa hiyo swali la mwaka wa 1962 lilipata jawabu moja mahali ambapo haikutazamiwa. Serikali ilidhani kwamba utamaduni wa taifa ungehifadhiwa na ofisi, kisha ugawiwe kwa wananchi. Katika habari hii ulitengenezwa na wananchi waliokuwa mbali na ofisi, ukapita Jinja na Ulaya, na ndipo baadhi ya wenye ofisi walipougeukia na kuuulizia jina. Wajibu wa chuo na wa wasomi ni kuutafuta uchochoroni kabla ya kuusoma katika majalada: kuyaandika maneno ya wachanaji kabla hayajasahauliwa, kuzihifadhi biti pamoja na majina ya mafundi wake, na kuzitia tarehe sherehe zilizozizaa wakati waliozihudhuria wangali hai. Kazi hiyo isipofanywa na wajuao Kiswahili itafanywa na wasiokijua, nao watairithisha dunia nusu ya Bamba Pana, na kuiacha nusu ya Makaveli izikwe pamoja na waliomcheka na kumtuza.